Mbegu ya Jirani si Magendo

Kwa zaidi ya miaka 10, sheria ya mbegu ya Kenya ilimhesabu kuwa mhalifu mkulima aliyemuuzia jirani mbegu za kunde zisizoidhinishwa, au hata aliyebadilishana naye. Adhabu ilikuwa hadi miaka 2 jela, faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos ilivitangaza vifungu hivyo vya sheria kuwa kinyume cha katiba, katika kesi iliyofunguliwa na wakulima wadogo mwaka 2022. Ni haki tupu. Kinachoniudhi ni kwamba walilazimika kushtaki ndipo waruhusiwe kufanya kilichowalisha wazazi wao.

Watetezi wa sheria ile husema inamkinga mkulima na mbegu feki. Mbegu feki zipo, na zimewatia watu hasara. Lakini tapeli hughushi pakiti yenye jina la kampuni. Kibuyu cha mbegu cha mama wa Kitui hakina nembo ya kughushi.

Tatizo kubwa ni mtihani wenyewe wa kuidhinisha mbegu. Ili aina ya mbegu isajiliwe, lazima ijitofautishe na nyingine, mimea yake ifanane, na sifa zake zisibadilike kizazi hadi kizazi. Mtama wa kienyeji utafauluje hapo? Katika shamba moja kuna mashina yanayowahi kuchanua na yanayochelewa, marefu na mafupi. Mvua ikikatika mapema, yaliyowahi yameshafunga punje. Ikichelewa kuanza, yaliyobaki nyuma ndiyo yanayomwokoa mwenye shamba. Kutofanana huko ndiko akiba yake. Mazao yanayokomaa siku moja humfaa mwenye maji ya uhakika, na Ukambani hakuna uhakika huo: kati ya 2020 na 2022 maeneo kame ya Kenya yalikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Halafu mtu anayeishi kwa mvua hiyo aliambiwa sifa inayomlisha ni kasoro, na kumgawia shemeji yake mbegu hizo kulikuwa kosa la jinai! Huo haukuwa ulinzi wa mkulima hata kidogo. Ilikuwa kumfunga kwa kuwa na busara.

Vifungu vile viliwapa wakaguzi hata mamlaka ya kuvamia benki za mbegu za vijijini na kuzibeba mbegu. Bunge liandike upya sheria hiyo, lizitambue benki hizo, na wakaguzi wapelekwe kwenye maghala yanakofungwa pakiti za bandia.