Mfupa wa Kuruta Hudai Usingizi

Katika mafunzo ya askari, wa jeshi na wa polisi, lingaliko wazo la kale kwamba kuruta asiyechoka hajafunzwa, na anayelalamikia mguu ni mtegaji. Wazo hilo lina nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayovunja miguu.

Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, aliandika juu ya askari waliovimba nyayo baada ya mwendo mrefu, bila kuanguka wala kupigwa na kitu. Ndani ya mguu hakuweza kuona. Ilipofika 1897, miaka miwili tu baada ya eksirei kuvumbuliwa, ikadhihirika kwamba mifupa ya nyayo hizo ilikuwa na nyufa. Zililetwa na hatua, maelfu kwa maelfu.

Yafaa ieleweke kuwa mfupa ni kitu hai. Unapoelemewa na mzigo mpya, mwili kwanza huondoa sehemu ya mfupa wa zamani, kazi ya wiki chache, ndipo hujenga mpya ulio imara zaidi, kazi ya miezi. Katikati hapo mfupa huweza kuwa dhaifu kuliko siku kuruta alipovuka lango la kambi, ilhali pumzi na misuli yake imekwisha kupata nguvu. Mkufunzi huiona pumzi, mfupa hauoni. Huongeza mwendo na uzito wa shanta.

Jeshi la Israel lilijifunza hayo kwa gharama. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kuwa kati ya makuruta 295 wa askari wa miguu, asilimia 31 walipata nyufa. Viatu vya namna mbalimbali vikajaribiwa. Hatimaye taarifa ya mwaka 2008 ikaeleza kilichofaa zaidi: kuruta kulala si chini ya saa sita kila usiku, na jumla ya kilomita za mwendo kupunguzwa. Nyufa zilipungua kwa zaidi ya asilimia 60.

Nilipokuwa kadeti, mwenzangu wa kitanda cha pili alianza kuumwa muundi katika wiki ya tano. Alikaza buti, akanyamaza. Baada ya mwendo wa usiku hakuweza kusimama, akarudishwa nyuma hadi kundi lililofuata. Tulimcheka, nami nilikuwemo.

Maumivu ya misuli huenea. Ya ufa hukaa mahali pamoja panapoweza kuguswa kwa kidole kimoja, huzidi mtu akimbiapo na hutulia apumzikapo. Anayesema mapema, "Afande, mfupa unauma," aghalabu hupumzika wiki kadhaa akarudi uwanjani. Anayeficha huenda mfupa ukakatika kabisa.

Hata hivyo lawama isimwangukie kuruta peke yake. Kombania inayoamshwa saa nane usiku kuadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja, kisha ikakimbizwa na shanta saa kumi na moja alfajiri, haikuchagua kukosa usingizi. Ratiba hiyo ina sahihi ya mkubwa fulani.