Acheni Makofi, Tujibuni

Mwandishi chipukizi akiuliza atapata wapi wasomaji, jibu huwa lile lile. Andika kila wiki. Jitangaze. Weka picha kali juu ya hadithi. Tafuta wenzako mfuatane. Wanaotoa ushauri huu mara nyingi ni watu wenye wafuasi elfu kadhaa, na ukipitia kurasa zao za mwaka mzima hutaona hata mara moja wakitaja hadithi ya mtu asiyejulikana. Hapo ndipo nina shida nao.

Hii biashara ya "nisome nikusome" mnaijua. Uko kwenye grupu la WhatsApp, watu mia na ushee, kila mtu anatupa linki yake na kuondoka. Ukibahatika unapata "moto sana" kutoka kwa msee aliyefungua ukurasa kwa sekunde nne. Kule Medium msomaji mmoja anaweza kukupigia makofi hadi 50 kwa makala moja, kazi ni kubonyeza tu. Makofi 50, na huenda hajamaliza aya ya kwanza. Siwalaumu vijana, wanajitafutia. Lakini ni kama Gikomba ambako kila mtu amebeba mtumba wake na hakuna aliyekuja kununua.

Nasoma kazi za waandishi wapya kila wiki, na nawaona wakipotea. Hadithi ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu kimya. Kuna dada mmoja aliandika kuhusu mama mboga asiyejua kusoma, anayeweka madeni ya wateja kwa alama alizozibuni mwenyewe. Mama anafariki, na mtaa mzima unalizunguka lile daftari bila mtu wa kulifafanua. Niliisoma mara mbili nikiwa kwenye matatu. Ilikuwa imesomwa na watu kumi na mmoja. Hajaandika tena tangu hapo, na usiniambie eti hakuwa na nidhamu.

Wasomaji hupatikana kwa kuazimwa. Mwaka 2002 Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine kwa kazi iliyotoka mtandaoni, enzi ambapo wengi waliona kazi ya mtandaoni si fasihi. Angeweza kukaa akila sifa zake. Mwaka uliofuata jarida la Kwani? likatoka Nairobi, yeye akiwa mhariri wake, na ni Kwani? iliyochapisha "Weight of Whispers" ya Yvonne Adhiambo Owuor, hadithi iliyoshinda tuzo hiyo hiyo 2003. Watu walikuwa wanamtazama yeye. Akawaelekeza kwa wengine.

Kwa Kiswahili tuna mfano wa zamani zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, karne ya 19, hakuwa na mchapishaji. Alitunga, wenzake wakamjibu, watu wakayashika mashairi vichwani, na miongo mingi baada ya kifo chake Mwalimu Sikujua akasaidia kuyakusanya na kuyaandika. Diwani yake ilichapishwa 1940. Magazeti nayo yakarithi mtindo huo: Mambo Leo kule Tanganyika kuanzia 1923, baadaye Taifa Leo hapa kwetu. Unatunga, mtu wa mji mwingine anakujibu kwa beti, wa tatu anaingilia. Mshairi mgeni akipingwa na mkongwe gazetini, tayari ametambulishwa kwa kila anayemsoma huyo mkongwe. Hata akishindwa hoja, jina limeshaingia mtaani.

Kwa hivyo wewe mwenye jina, chagua mwandishi mmoja mpya kila mwezi. Usiseme "msomeni huyu, ni moto". Sema ni sentensi gani ilikugusa, au ni wapi ilikukera, na umtaje. Ama mjibu kwa hadithi yako. Na nyinyi wahariri, hili jarida likiwemo, kila toleo liwe na nafasi moja ya mtu ambaye hajawahi kuchapishwa popote. Mkimkataa, mwambieni ni aya gani ilimwangusha. Kimya cha miezi sita si jibu, ni dharau.

Najua mtaniletea habari ya ubora. Ati mlango ukifunguliwa takataka zitajaa. Sawa, lakini mlizisoma lini? Hamwezi kuhukumu kazi ambazo hamjafungua. Na bana, hao wakongwe mnaowasifu walikuwa na mtu aliyekaa na rasimu zao mbovu akazichora kwa kalamu nyekundu. Hawakuamka siku moja wakiwa wakamilifu.

Wengine watasema hawana muda. Hao hao nawaona X saa sita usiku wakibishana nani alistahili tuzo gani. Hadithi ya maneno elfu mbili inaisha kabla matatu haijatoka kwenye jam ya Roysambu.