Fundi Kioo Aliyezisoma Nyota
Tunapowasifu wataalamu wa nyota, mafundi wa darubini huwa tunawasahau, na hilo si haki. Joseph Fraunhofer wa Ujerumani alikuwa yatima, mwanagenzi wa fundi vioo mjini Munich, nyumba ya bwana wake ilipoporomoka mwaka 1801. Akafukuliwa kwenye kifusi akiwa hai. Baadaye alisimamia tanuri huko Benediktbeuern, akiyeyusha kioo mwenyewe na kukisugua hadi kiwe lenzi. Mwaka 1814, katika kazi hiyohiyo ya kupima ubora wa vioo, alipitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, na ndani ya zile rangi za upinde wa mvua akaona mistari myembamba myeusi, mamia kwa mamia. Akaichora kwa subira, iliyo mikubwa akaipa herufi. Alipoutazama mwanga wa nyota Sirius, akakuta mistari yake si ile ya jua! Mwaka 1859 wanasayansi Kirchhoff na Bunsen walieleza kwamba kila elementi ina mistari yake. Ndivyo tunavyojua nyota zimeundwa na nini. Fraunhofer alifariki mwaka 1826, akiwa na miaka 39. Wakuu wa vyuo vyetu, mnapoagiza darubini kutoka nje, jengeni na karakana ya kuwafunza vijana kuzitengeneza.