Usukani wa Kamyo Ukiwa Mzito



Mwenye kamyo ni mtu mmoja, lakini wanaokula kwa ajili yake ni wengi: dereva na msaidizi wake, mama anayepeleka mihogo sokoni, mfanyabiashara anayengoja chumvi na sabuni. Kwa hiyo usukani unapoanza kuwa mzito, jambo hilo si la dereva peke yake. Wengi hukimbilia kununua pompa mpya, na kesho yake usukani u mzito vilevile; fedha zimekwenda, ugonjwa umebaki. Leo tujifunze kutafuta chanzo kabla ya kufungua mfuko.

Zamani dereva aligeuza magurudumu kwa nguvu za mikono yake tu. Mhandisi wa Marekani, Francis W. Davis, aliyefanya kazi katika kampuni ya Pierce-Arrow, aliijua taabu hiyo kwa madereva wa malori. Akabuni usukani unaosaidiwa na mafuta, akauonyesha mwaka 1926. Hata hivyo ilikuwa mwaka 1951 ndipo kampuni ya Chrysler ilipoanza kuuza motokari zenye usukani wa namna hiyo.

Kazi yake ni hii. Motere huzungusha pompa, ama kwa mkanda, ama kwa magurudumu ya meno. Pompa huvuta mafuta kutoka chombo chake, ikayasukuma kwa nguvu mpaka ndani ya sanduku la usukani. Humo vali huyapeleka upande mmoja wa pistoni dereva akipinda kulia, na upande wa pili akipinda kushoto. Pistoni ndiyo inayosukuma. Mikono ya dereva yaonyesha njia tu. Kisha mafuta hurudi chomboni.

Muuguzi mwema hatoi dawa kabla ya kuuliza. Nasi tuulize: uzito huo waja lini? Daima, au motere ikizunguka polepole tu? Pande zote mbili, au upande mmoja? Je, pompa yalia? Kisha tutazame kwa utaratibu, tukianza na yasiyo na gharama.

Kwanza, matairi ya mbele. Yakipungukiwa upepo, au mzigo ukilundikwa mno mbele, usukani utakuwa mzito hata pompa ikiwa mpya.

Pili, mafuta. Yakiwa yamepungua, usiongeze tu na kwenda zako: tafuta mahali yanapovujia. Yakiwa na povu, na pompa ikinguruma, hewa inaingia, mara nyingi kwa mrija wa kuvutia uliopasuka au kulegea. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, yabadilishwe pamoja na chujio. Mimina yale tu yanayotajwa katika kitabu cha kamyo. Kamwe usimimine mafuta ya breki, maana huharibu mipira inayozuia uvujaji.

Tatu, mkanda, kama pompa yazungushwa nao. Ukilegea au ukichakaa, huteleza. Hapo utasikia mlio mkali wakati wa kupinda, na usukani utakuja kwa kushtuka-shtuka.

Nne, tutenganishe chuma na mafuta. Zima motere, zuia magurudumu ya nyuma kwa magogo, inua ekseli ya mbele kwa jeki na kuitegemeza imara. Sasa geuza usukani toka mwisho mmoja hata wa pili. Ukikwama au ukishikashika, yawezekana viungo vya magurudumu vimekosa grisi au vimeingia kutu. Pompa haina kosa.

Yote hayo yakiwa mema, ndipo tushuku pompa au sanduku. Uzito ukiwa upande mmoja tu, tazama sanduku kwanza, kwa kuwa pompa ni moja nayo hutumikia pande zote mbili. Uzito ukiwa pande zote motere ikienda polepole, na kupungua ikienda mbio, pompa huenda imechakaa. Asikisie mtu: fundi apime nguvu ya mafuta kwa saa yake na kulinganisha na kitabu. Asiushikilie usukani mwisho wa kupinda zaidi ya sekunde 5, maana mafuta huchemka na pompa huharibika. Baada ya matengenezo, hewa itolewe yote, ndipo kamyo irudi njiani.

Angalieni sana jambo hili, hasa ninyi wanafunzi mnaofanya kazi garajini. Nguvu ya mafuta hayo yaweza kupita bar 100. Usitafute tundu la mrija kwa kidole. Tumia kipande cha karatasi ngumu. Mafuta yakipenya ngozi, jeraha laweza kuwa dogo kama la sindano na lisiume. Hata hivyo nenda hospitali saa ileile, maana mkono waweza kupotea.

Tena, usukani unaolegea si ugonjwa uleule. Ukiuzungusha kidogo na magurudumu yasiitikie, tazama viungo, fimbo na bulti za sanduku. Kamyo hiyo isitoke kabla ya kutengenezwa.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaozima motere mteremkoni ili kubakiza mazuti. Motere ikizimika, pompa imesimama, na usukani uliokuwa mwepesi wageuka mzigo palepale penye kona. Tena hewa ya breki haijazwi, na kila ukikanyaga yapungua. Yeyote aliyeshuka Ngomo, katika njia ya Bukavu na Uvira, anajua kona zilivyo na bonde lilivyo chini yake. Lita chache za mazuti haziwezi kulipa roho za watu walioketi juu ya mizigo.

Na wewe mwenye kamyo, dereva akikuambia usukani ni mzito, usimjibu, «Maliza safari hii kwanza.» Dereva anayeogopa hasira yako atanyamaza mara ya pili, nawe utapata habari kwa watu wengine. Msikilize, mpe siku moja, na mtazame pamoja matairi, mafuta na mkanda. Mara nyingi ugonjwa utaonekana hapo, na dawa yake haitamaliza akiba ya nyumba.