Tamko: Chakula na Dawa Visihesabiwe Bidhaa Marufuku za Vita

Sisi wenye majahazi, manahodha, mabaharia na wafanyabiashara wa nafaka wa mwambao, tulio wanachama wa chama kimoja, tumekutana na kukubaliana kutoa tamko hili kwa Serikali zetu, kwa mataifa yaliyo vitani na kwa wananchi.

Tunaanza na jina. Nahodha akisimamishwa na manowari, upesi huitwa mtu wa magendo. Hilo tunalikataa. Magendo ni kukwepa ushuru na kuvunja sheria ya nchi. Bidhaa marufuku ya vita ni mali iliyonunuliwa kihalali, yenye hati ya shehena, ambayo taifa lililo vitani linadai haki ya kuikamata baharini kwa kuwa inakwenda kwa adui yake. Mwenye mali hajavunja sheria ya kwao. Ndiyo maana kukamatwa peke yake hakumwondolei mtu mali yake. Lazima mahakama ya ngawira isikilize na kuamua.

Ugomvi wote uko kwenye orodha ya bidhaa hizo. Azimio la London la tarehe 26 Februari 1909, kuhusu sheria ya vita vya baharini, liligawa bidhaa mafungu matatu. Silaha na baruti zilikuwa marufuku moja kwa moja. Chakula, nguo na makaa ya mawe vilikamatwa pale tu vilipokuwa vikienda kwa jeshi au serikali ya adui. Fungu la tatu halikuruhusiwa kuguswa, na anayelisoma leo atadhani amesimama kwenye forodha ya Unguja ya zamani: mbata, pembe za ndovu, ngozi mbichi, mpira, sandarusi na jamii yake, pamoja na pamba.

Azimio hilo halikuidhinishwa. Vita vilipozuka Agosti 1914, Uingereza ilisema italifuata, ila kwa marekebisho yake yenyewe. Kabla mwaka haujaisha, mpira na ngozi vilikwisha kutolewa katika fungu la tatu. Pamba ikafuata Agosti 1915. Aprili 1916 tofauti kati ya fungu la kwanza na la pili ikafutwa, na Julai mwaka huo Azimio lenyewe likaachwa. Upande wa pili haukuwa na huruma zaidi: tangu Februari 1915 nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli za biashara, mara nyingine pamoja na mabaharia waliokuwa ndani yake.

Uingereza haikuwa haijui haki ilipo. Desemba 1899, katika vita vya Makaburu, manowari yake iliikamata Bundesrath, meli ya kampuni ya Kijerumani iliyohudumia mwambao wetu, ikapelekwa Durban kwa shaka kwamba imebeba silaha. Shehena ikapekuliwa, silaha hazikuonekana, meli ikaachiwa Januari 1900. Wakati huohuo Waziri Mkuu, Lord Salisbury, alieleza msimamo wa serikali yake kuhusu chakula: haitoshi kusema kwamba kinaweza kuliwa na askari, lazima ithibitike kwamba kilipokamatwa kilikuwa kweli kinapelekwa kwa majeshi ya adui. Miaka 16 baadaye serikali ya nchi hiyohiyo ilikuwa imeuacha msimamo huo. Kwetu sisi, maneno yale ya Salisbury bado ndiyo kipimo cha haki.

Sheria ya leo iko upande wetu. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kwa masharti yake, unataka dawa za raia zipitishwe, na vilevile chakula cha lazima na nguo za watoto walio chini ya miaka 15 na za wajawazito. Itifaki ya 1977 inakataza kuwaua raia kwa njaa kama mbinu ya vita. Hata hivyo, Novemba 2017 bandari za Yemen, nchi ambayo sehemu kubwa ya chakula chake hutoka nje, zilifungwa. Tangu 2016 palikuwa na utaratibu wa Umoja wa Mataifa, wenye makao Djibouti, wa kukagua meli ziendazo huko. Ukaguzi, basi, unawezekana bila kuwafungia watu mlango.

Kwa hiyo tunataka kila taifa lililo vitani litangaze orodha yake hadharani kabla ya kusimamisha chombo chochote, na lisiirefushe wakati meli zikiwa njiani. Chakula cha raia na dawa visiwemo. Anayedai kwamba mchele unakwenda kambini alete ushahidi yeye. Nahodha asilazimishwe kuthibitisha jambo ambalo halipo. Na chombo kikizuiliwa bila sababu, mwenye mali alipwe, kwa maana mchele uliolowa ngamani hauna mnunuzi, na mshahara wa baharia hausubiri hukumu.

Tunaziomba Serikali zetu zilifikishe jambo hili Umoja wa Mataifa kwa sauti moja.

Kwa wanachama wetu tuna neno moja pia. Bunduki moja ikifichwa chini ya magunia ya unga, kila gunia litakalofuata litashukiwa, na wenye njaa ndio watakaolipa. Atakayepakia silaha katika shehena ya chakula atafukuzwa katika chama hiki, na hatutamtetea mbele ya mahakama yoyote.