Mchora ramani si mwanzilishi wa njia

Ukitazama picha za setilaiti za jangwa la Misri, magharibi mwa Mto Nile, utaona mistari iliyoachwa na nyayo za ngamia. Hiyo ni Darb el-Arba'in, "njia ya siku arobaini", kutoka Darfur, Sudan, hadi Asyut.

Wanaotafuta asili yake hukimbilia ramani ya Mwingereza W. G. Browne, iliyochapishwa 1799. Sawa, ni ushahidi. Lakini jamani, Browne alipopita 1793 alifuatana na msafara wa wafanyabiashara walioijua njia tayari. Walisafirisha pembe za ndovu, na watumwa pia.

Ramani inathibitisha tu kwamba mwaka ule njia ilikuwapo. Iweje basi tumkumbuke mchoraji, tuwasahau waliotembezwa kwa nguvu mchangani? Wewe unasemaje?