Tangazo la Shule Halitoshi Bila Ufafanuzi
Serikali ilipofuta ada kuanzia Januari 2016, kupitia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, baadhi ya wazazi walidhani wajibu wao umekwisha. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ukafafanua kuwa sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vinabaki kuwa jukumu la mzazi.

Funzo ni bayana: tangazo lisiloeleweka huzaa manung'uniko, na anayeshinda njaa darasani ni mtoto. Halmashauri zisiridhike kubandika taarifa za ruzuku kwenye mbao za matangazo. Kamati za shule ziitishe mikutano, zisome mapato na matumizi kwa lugha nyepesi, kisha zijibu maswali. Mzazi aliyeelezwa huchangia kwa hiari. Asiyeelezwa hubaki na shaka.